Uyoga wa Kichuguu na Jinsi ya Kuutambua

Mvua za kwanza zinyeshapo katika misitu ya miombo, kama ile ya upande wa Tabora, watu huingia mwituni kutafuta uyoga. Ni kitoweo kizuri, lakini uko uyoga unaoua. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu alama za uyoga mkubwa wa kichuguu, wasije wakachukua mwingine wenye sumu.

Uyoga huu hulimwa na mchwa. Wao hutafuna miti mikavu na majani, kisha kwa mavi yao hujenga masega ndani ya kichuguu. Ukungu huota juu ya masega hayo na kuyalainisha yawe chakula chao. Mvua ikija, ukungu huo hutoa uyoga juu ya ardhi.

Basi alama ya kwanza imo chini. Usiung'oe, bali uchimbe polepole. Utaona shina likiendelea kama mzizi mrefu kuelekea kwenye masega. Alama ya pili ni ncha iliyo katikati ya kofia. Alama ya tatu ni unga wake. Kata kofia iliyokwisha kukunjuka, uilaze juu ya karatasi nyeupe, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi utakuta unga wa rangi ya waridi iliyofifia.

Uko uyoga mwingine uotao penye majani, wenye kofia nyeupe na magamba ya kahawia. Shina lake lina pete wala halina mzizi mrefu, na unga wake ni wa kijani. Aulaye hutapika na kuhara sana.

Tena, katika jamii ya uyoga wenye kifuko chini ya shina, imo inayolika na imo inayoua. Sumu ya ule unaoua haitoki kwa kupikwa. Maumivu huweza kuchelewa saa 6 mpaka 24, kisha mgonjwa huona nafuu, kumbe ini lake linaharibika.

Wengine husema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba sumu hugeuza rangi ya fedha sufuriani. Maneno hayo si kweli, tusiyategemee.

Alama zote tatu zisipokutana, tuuache uyoga huo, hata kama njaa yatuuma. Na mtu akila akaugua, apelekwe hospitali upesi pamoja na kipande cha uyoga alioula, asingojee kuona kama atapona.