Njia Haifi kwa Kukosa Magari

Katika bula (mitaa) nyingi za Garissa kuna vipande vya barabara vinavyoonekana kwenye ramani tu. Gari halipiti, miti ya mathenge imeota katikati, na jirani mmoja ameshaanza kuzungusha ua. Hukawii kusikia kwamba njia ile haitumiki, basi ifungwe. Huenda asemaye hivyo ana hoja. Uamuzi, hata hivyo, si wake, wala si wa chifu au mwakilishi wadi peke yake.

Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inazihesabu barabara zilizowekwa na sheria ya Bunge kuwa ardhi ya umma, chini ya usimamizi wa Tume ya Taifa ya Ardhi. Ibara hiyohiyo inakataza ardhi ya umma kutolewa au kutumiwa vingine ila kwa kufuata sheria. Kuzijenga na kuzitunza barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Barabara kuu kama ile ya Nairobi kupitia Garissa hadi Liboi ni ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: barabara hii ni ya nani?

Katika miji mingi ya Marekani, baraza likishafunga mtaa, ardhi yake mara nyingi huwaendea wenye viwanja vya pande mbili. Tusilibebe wazo hilo kuja nalo hapa. Barabara ikikosa kazi Kenya, ardhi yake hubaki ya umma, na kuishi jirani nayo hakukupi fungu.

Swali gumu ni kama kweli haitumiki. Mpangaji wa mji akija kukagua siku moja ya Februari, saa sita mchana, atarudi na jibu la siku hiyo. Huku njia zina misimu. Kiangazi kikikaza, mifugo husogea kuelekea Tana, na njia za kuifikisha mtoni, zile malka, ndizo tofauti kati ya kunywesha na kugombana na wenye mashamba. Vuli nayo ina habari yake: Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo, na njia za pembeni ambazo hakuna aliyezijali zikapata wateja. Kichochoro kikavu huenda ndicho mkondo wa maji ya mvua. Chini yake huenda limepita bomba la maji, juu yake waya za umeme. Na je, viwanja vya nyuma vitafikiwa vipi na gari la wagonjwa au la zimamoto? Wa kuulizwa hapa ni wachungaji, wachukuzi wa mikokoteni na akina mama wanaokatiza kwenda sokoni. Kwa maoni yangu, ukaguzi usiowauliza hawa haujakamilika, hata ukiwa na mihuri mitatu.

Kugeuza matumizi ya ardhi kunahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mwombaji lazima autangazie umma, na tangazo liwaalike watu kuleta pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Andika pingamizi lako, taja namba ya kiwanja, ambatisha picha, na uhakikishe nakala yako imepigwa muhuri wa kupokewa. Malalamiko ya kwenye kibanda cha chai hayaingii kwenye faili. Ukinyimwa ramani au nyaraka, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21.

Anayeshawishika kununua kipande cha njia aikumbuke kesi ya Dina Management. Kampuni hiyo ilinunua kiwanja ufuoni Nyali, ikapata hati. Mwaka 2017 Kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ardhi ile ilikuwa imetengwa kuwa uwanja wa wazi wa umma, na hati iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimkingi hata mnunuzi aliyelipa kwa nia njema. Hati nzuri iliyoota juu ya barabara ni hasara inayongoja siku yake.

Usiporidhika na uamuzi wa kaunti kuhusu kibali, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inakaa papa hapa Garissa. Siku hizo ni chache, nazo huanza kuhesabiwa uamuzi unapotolewa. Ukiona tangazo limebandikwa, lisome siku hiyohiyo, kisha waite majirani.