Unyevu wa Mvua za Masika Hutoka Wapi

Mkulima, ukiona wingu limetanda juu ya mlima usidhani kwamba mlima ndio uletao mvua. Mlima hauna maji ya kutoa. Kazi yake ni kuupandisha juu upepo uliokwisha kuchukua maji mbali. Upepo huo ukipanda hupoa, na mvuke uliomo hugeuka matone.

Katika sehemu za Kenya na Tanzania zipatazo vuli na masika, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka Bahari ya Hindi. Januari na Februari kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni, wala hauleti mvua nyingi. Machi jua hufika juu ya Ikweta, kaskazi hulegea, na mabaharia husema ni wakati wa tanga mbili. Bahari wakati huo imepata joto sana, mvuke wake ni mwingi, na upepo wa mashariki huuingiza bara. Siku nyingine upepo hutoka magharibi, penye misitu ya Kongo, nao huzidisha mvua.

Je, msitu hutoa maji? Jaribu mwenyewe. Ingiza tawi lenye majani mabichi katika chupa kavu bila kulikata, uzibe mdomo kwa kitambaa. Baada ya saa chache utaona matone ndani ya kioo. Kusini mwa Amazon, Marekani ya Kusini, mvua huanza miezi miwili au mitatu kabla pepo za baharini hazijawasili. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha, kwa vipimo vya angani, kwamba mvuke wa kwanza hutoka katika majani ya msitu. (Lakini msitu ule wapita Kenya na Tanzania kwa ukubwa zaidi ya mara tatu, miti yako kumi yafaa kwa kivuli na kuni, haitaita masika.)

Basi manyunyu ya mapema, kabla upepo haujageuka, yasikuhadae. Mbegu huota, jua hurudi, miche hufa, na nyumba hubaki bila mbegu wala chakula. Kwanza chimba: unyevu usipofika shubiri moja chini, ngoja. Hata ukifika, usipande mbegu zote. Weka akiba katika debe kavu lililofunikwa vizuri.