Mipaka ya shule na amani ya jirani: somo kutoka Kolwezi



Katika nchi nyingi Serikali huchora mpaka wa kila shule: watoto wa mtaa huu waende huku, wa mtaa ule waende kule. Mpaka ukisogezwa wazazi hushindana, kwa sababu wanajua shule ipi ina walimu na vitabu, na ipi haina. Kwetu Kolwezi mzazi hapangiwi shule, anaitafuta mwenyewe. Hata hivyo mipaka ipo. Katika somo hili tunaitazama, kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

1. Mpaka wa kambi

Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliweka wafanyakazi na jamaa zao katika makambi yenye zahanati na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Mtoto wa kambini alisoma kwa sababu ya kazi ya baba yake. Mtoto wa nje ya kambi alitegemea shule ya misheni au ya Serikali. Mwaka 1967 kampuni ilitaifishwa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Jina lilibadilika, lakini tofauti ya kambini na nje ilibaki.

2. Mpaka wa franga

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 zilikuwa karibu 30,000 tu. Mishahara ilikatika, na tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa malipo ya mwisho. Kwa upande wa Serikali, tangu migomo ya walimu ya mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mzigo wa kuwalipa walimu. Hivyo mtoto wa kambini na wa nje wakajikuta mbele ya mlango mmoja: mwenye franga aingie, asiye nazo arudi nyumbani.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Jambo hilo lilianza kutekelezwa kwa upana mwezi wa Septemba 2019. Lakini sekondari inalipiwa. Basi watoto waliosoma pamoja wanatengana baada ya shule ya msingi. Mmoja anaingia shule yenye walimu wa kutosha, wa pili anaingia darasa lililojaa kupita kiasi, wa tatu anabeba gunia kwenda kuosha mawe ya madini.

3. Mipaka inayohama

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa katika majimbo manne, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Wakubwa wa Serikali, wafanyabiashara na watafuta kazi walifika kwa wingi, na watoto wao wanahitaji dawati.

Mipaka ya migodi nayo inasogea. Hata mabaki yaliyotupwa zamani Kingamyambo leo yana thamani. Mwaka 2017 wakazi wa sehemu ya Kasulo walihamishwa ili eneo lao liwe mahali pa kuchimba. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2023 ilieleza jinsi nyumba zilivyobomolewa katika Cité Gécamines mgodi ulipopanuka. Jamaa ikihamishwa, fidia huhesabu nyumba na miti. Ni nani anayehesabu umbali mpya wa kwenda shuleni, au mwaka wa masomo uliokatika?

Kuna mpaka mwingine wa fedha. Kwa Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018, sehemu 15 kwa 100 za redevansi, yaani malipo ya kampuni juu ya madini inayouza, huenda kwa komuni, sekta au usultani wenye mgodi. Jirani asiye na mgodi hapati sehemu hiyo, ingawa vumbi na malori hupita kwake pia.

4. Kwa nini hili ni jambo la amani

Tunakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maneno yaliyotangulia yalikuwa ya kazi, vyeo na nafasi: «wao wamepewa, sisi tumenyimwa.» Leo shule ikijaa, ni rahisi mtu kusema kwamba wageni ndio waliochukua nafasi ya watoto wetu. Lakini tukihesabu madarasa, walimu na ada, tunaona kwamba shida ni uhaba, na kabila la mtoto halikuuleta. Anayewaonyesha wazazi hesabu hiyo mapema anazuia maneno mabaya yasifike barabarani.

5. Tufanye nini?

Tunashauri kamati za wazazi (COPA) na mabaraza ya usimamizi wa shule (COGES):

– Kubandika ada mlangoni, ili kila mzazi aone kiasi kile kile.
– Kuwapa waliohamishwa na waliofika karibuni viti katika kamati, pamoja na wenyeji.
– Kabla ya mtaa kuhamishwa, kudai kwa maandishi kwamba shule ifunguliwe kule kwanza, ndipo nyumba zibomolewe.
– Kuuliza komuni au sekta redevansi imejenga madarasa mangapi, na wapi.
– Kuunganisha shule mbili zisizo sawa, ili wanafunzi watumie maabara moja kwa zamu na kujitayarisha pamoja kwa Mtihani wa Serikali.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wenu, ni watoto gani wasiokutana kamwe shuleni? Kwa sababu gani?
2. Mpaka gani umesogezwa karibuni, na nani aliulizwa kabla?
3. Shule yenu ina kitu gani ambacho shule jirani haina? Mnaweza kukitumia pamoja namna gani?

Jadilianeni katika vikundi vya watu wachache, na mchanganye wazazi wa mitaa mbalimbali. Andikeni majibu, kisha myapeleke kwa wakuu wa shule zote mbili.