Paka wa Kibandani na Anayemlisha

Jua likielekea kuzama Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Lunga Lunga husogea kwenye vibanda vya mama lishe. Wali unapakuliwa, changu wa kukaanga anawekwa juu yake, na chini ya meza macho ya kijani yanafuata kila tonge. Mtu anadondosha kichwa cha samaki. Hakijatulia chini, paka watatu wamekwisha kukivamia, na wa nne, shume mwenye sikio lililochanika, anakuja akinguruma.

Watu wa mwambao hawaoni ajabu. Paka ni jirani yao wa siku nyingi. Hukamata panya, huingia hadi msikitini, na watoto wa madrasa hufundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumpa chakula wala kumwachia ajitafutie. Huruma hiyo ibaki. Kinachohitajika ni kulisha bila kuita maradhi nyumbani.

Shida huanza chakula kinapobaki. Makombo yaliyomwagwa uani usiku hayaliwi na paka peke yake: panya huja, nzi huja, mbwa koko huja, na alfajiri hutua kunguru. Kunguru hao wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wapunguze taka. Leo wamejaa pwani, wakila vifaranga na mayai ya ndege wengine, na wanaendelea kushiba kwa kile kinachotupwa na watu.

Wa kuogopwa zaidi katika kundi hilo ni mbwa koko asiyechanjwa. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, mara nyingi kwa kung'atwa na mbwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu 59,000 kwa mwaka, na asilimia 99 ya wagonjwa huambukizwa na mbwa. Kwa hiyo paka si adui mkuu. Lakini paka aliyegombania sahani na mbwa usiku ndiye huyo huyo anayepanda mapajani mwa mtoto asubuhi.

Pemba, ng'ambo ya bahari mbele ya Tanga, imeonyesha kwamba ugonjwa huu unashindika. Ulitokomezwa huko mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016, ukaondolewa tena kwa chanjo.

Basi anayelisha alishe kwa saa maalumu, mahali pamoja, mbali na jiko na kisima. Aweke kiasi kinacholiwa kwa dakika chache, angoje, kisha aondoe sahani na kuiosha mbali na vyombo vya watu. Utaratibu huu una faida kubwa kuliko usafi peke yake. Paka wa mtaani hakamatiki kirahisi, ila huja bila kukosa kwa mtu aliyemzoea. Afisa mifugo wa kata akija na chanjo, au daktari wa mifugo akija kuhasi madume na kufunga kizazi majike, huyo mlishaji ndiye atakayewezesha kazi. Lamu, mji wa Kenya unaojulikana kwa paka wake, ina kliniki ya wanyama inayofanya kazi hiyo hiyo. Bila hivyo idadi haishikiki: jike huweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi sita, na mimba huchukua kama siku 64 tu.

Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja wanyama. Ni vyema kuuliza mapema ofisi ya kata kuhusu siku na kituo, na pia kuhusu sheria ndogo za mahali hapo. Wanaochoshwa na paka wasitege sumu. Sumu haichagui: kuku huila, na mtoto anayetambaa huifikia. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

Kinyesi nacho kina hatari yake. Paka huweza kutoa vimelea vya toksoplasma, ambavyo huanza kuambukiza baada ya siku moja hadi tano. Kinyesi kizolewe kila siku, na mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Mchanga wa kujengea ufunikwe, kwa kuwa paka hupenda kujisaidia humo na watoto hupenda kuchezea humo.

Paka aking'ata au kukwaruza, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima. Sabuni ya mche inatosha. Lisipakwe majivu, mafuta ya taa wala pilipili. Kisha aliyeumia aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo, maana jino la paka huingia ndani sana. Akipangiwa sindano za chanjo, azimalize zote kwa tarehe zake.

Watoto ndio wanaoficha. Aliyekatazwa kumshika paka kisha akakwaruzwa hushusha mkono wa shati na kunyamaza, akiogopa kuchapwa. Mzazi aseme mapema, kabla ya jambo kutokea, kwamba atakayekuja kuonyesha jeraha hatagombezwa, ataoshwa na kupelekwa zahanati.