Asiyefukuza Naye Hudai: Mwajiri na Mfanyakazi Nchini Japani

Desemba 1929, uchumi ulipoyumba, maghala ya Konosuke Matsushita, mtengenezaji wa vifaa vya umeme mjini Osaka, yalifurika bidhaa zisizo na wanunuzi. Wasaidizi wake walishauri nusu ya wafanyakazi waachishwe. Matsushita, aliyekuwa mgonjwa kitandani, alikataa. Aliagiza kiwanda kifanye kazi nusu siku, mishahara ilipwe yote, na wafanyakazi watoke wakauze mali iliyolala. Kufikia Februari maghala yalikuwa matupu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni kubwa zilifanya moyo huo kuwa desturi: kijana huajiriwa atokapo chuoni na kustaafia palepale. Mambo yakiharibika, wakubwa hutarajiwa kutangulia kuumia. Mwaka 2014, mauzo ya kampuni ya michezo ya video ya Nintendo yalipodorora, rais wake Satoru Iwata alijipunguzia mshahara kwa nusu kwa miezi mitano. Na wakati wa korona, badala ya kufukuza watu, mashirika ya ndege ya ANA na JAL yaliwaazima watumishi wao kwa kampuni nyingine, yakiwemo maduka ya vifaa vya umeme.

Huruma peke yake haitoshi kueleza haya. Tangu 1975 serikali humpa ruzuku mwajiri anayewabakiza watu kazini nyakati ngumu, na Sheria ya Mikataba ya Kazi ya 2007 hubatilisha uachishaji usio na sababu ya msingi. Walio nje ya ajira ya kudumu, zaidi ya theluthi moja ya waajiriwa, hawana kinga imara kama hiyo. Mwishoni mwa 2008, vibarua waliopoteza kazi viwandani pamoja na mabweni walilala kwenye mahema katika bustani ya Hibiya, Tokyo.

Na aliye ndani hulipa kwa saa zake. Ataagaje saa kumi na moja jioni ilhali bosi bado ameinama mezani? Mwaka 1991 kijana wa miaka 24 wa kampuni ya matangazo ya Dentsu alijiua kwa uchovu wa kazi. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwajiri anawajibika. Hata hivyo, mwaka 2015 binti wa umri uleule, mfanyakazi wa kampuni hiyohiyo, alijiua. Rais wa kampuni alijiuzulu, na mahakama ikatoza faini ya yen 500,000, kiasi kidogo mno kwa kampuni ya ukubwa ule.

Tangu Aprili 2019, saa za ziada zina kikomo: 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, isipokuwa katika hali maalumu za muda. Mwajiri pia lazima ahakikishe kila mwenye haki ya likizo ya siku 10 au zaidi anapumzika angalau siku 5 kwa mwaka. Akizembea, faini hufika yen 300,000.