Mpira wa Pete: Jifunze Kutua Kabla ya Kudaka



Katika vijiji vyetu vya Ngara na Biharamulo, mpira wa pete, ambao wengine huuita netiboli, ni mchezo wa wasichana wengi. Vifaa vyake ni vichache: mpira mmoja, nguzo mbili zenye pete, na uwanja uliosawazishwa. Wasichana huucheza shuleni, na mama zao huucheza siku za sikukuu wakiwa wamejifunga kanga kiunoni. Ni mchezo mzuri kwa afya ya mwili na ya akili.

Lakini unapokaribia wakati wa mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, sisi wauguzi huwaona wasichana walioteguka vifundo vya miguu, waliovimba magoti na walioumia vidole. Wengi wao hawakugongwa na mtu. Waliruka vizuri, wakaudaka mpira vizuri, ila wakatua vibaya. Mara nyingi timu imechaguliwa wiki mbili tu kabla ya mashindano, na mchezaji amefundishwa kurusha bila kufundishwa kusimama.

Somo letu la mwezi huu ni mazoezi ya mwanzo kwa mtu anayejifunza mchezo huu. Tutaanza na miguu, tutafuata mikono, na pete itakuwa ya mwisho.

1. KWA NINI MIGUU KWANZA?

Mpira wa pete ulitokana na mpira wa kikapu, uliobuniwa Marekani mwaka 1891. Wanawake wa Uingereza waliugeuza, na kanuni zake ziliandikwa mwaka 1901. Tofauti kubwa ni hii: mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao. Akiudaka lazima asimame, na autoe ndani ya sekunde 3. Mguu uliotangulia kugusa ardhi ndio mguu wake wa kutulia. Anaweza kuunyanyua, lakini mpira uwe umemtoka mikononi kabla mguu huo haujakanyaga tena.

Sasa fikirini: mtu anakimbia kwa kasi, anaruka, kisha anatakiwa kusimama papo hapo. Nguvu yote ya mbio zile hupokelewa na kifundo cha mguu, goti na nyonga. Goti ni kama bawaba ya mlango. Hukunja na kukunjua, lakini halikuumbwa kupinda kwenda upande. Ndani yake kuna kano zinazoshikamanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Msichana akitua goti likiwa limenyooka kama mti, au goti likiingia ndani kuelekea lile la pili, kano huvutwa kupita kiasi na huweza kukatika. Wasichana waliokwisha kubalehe hupata jeraha hili zaidi kuliko wavulana wanaocheza michezo ya aina hiyo.

Habari njema ni kwamba kutua hufundishika. Utafiti katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa timu zinazofanya mazoezi ya kuruka, kutua na kujenga mizani ya mwili kabla ya kucheza hupungukiwa na majeraha ya goti. Chama cha netiboli cha Australia kina mpango wake maalumu wa mazoezi hayo. Hayahitaji mashine wala fedha.

2. MAANDALIZI

Uwanja: Viwanja vyetu vingi vimechongwa kwenye miteremko, na mvua huacha mifereji na changarawe. Okoteni mawe, fukieni mashimo. Uwanja kamili una urefu wa meta 30.5 na upana wa meta 15.25, lakini kwa wanaojifunza eneo la hatua kumi kwa kumi latosha.

Miguu: Raba zilizofungwa kamba ni bora. Kama hakuna, pekupeku kwenye nyasi safi ni salama kuliko ndala, kwani ndala huteleza. Anayecheza pekupeku awe amepata chanjo ya pepopunda.

Mwili: Kucha zikatwe, hereni na bangili zivuliwe. Mtoto asicheze na njaa. Anywe uji saa moja au mbili kabla, na maji safi yawepo uwanjani.

Kupasha mwili moto: Kwa dakika 10 watembee haraka, wakimbie polepole, wakimbie kwa upande, wazungushe mabega, kisha wasimame kwa mguu mmoja wakihesabu hadi 20, kila mguu kwa zamu.

3. MAZOEZI SITA, HATUA KWA HATUA

Zoezi la kwanza: Kutua kimya. Hakuna mpira. Simama, ruka juu kidogo, tua kwa miguu yote miwili iliyoachana kwa upana wa mabega. Kunja magoti na nyonga kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda. Magoti yaelekee zinakoelekea vidole vya miguu. Baki hapo ukihesabu moja, mbili, tatu. Rudia mara 10. Mwalimu atumie masikio: akisikia kishindo, magoti yamekaza, kutua kwema hakuna kelele. Wakizoea, waruke mbele, kisha kwa upande, mwishowe watue kwa mguu mmoja.

Zoezi la pili: Kimbia na simama. Kimbia hatua tano. Filimbi ikilia, simama kwa hatua mbili, mguu mmoja halafu wa pili, magoti yamekunjwa na kifua kisiangukie mbele. Rudia mara 10, leo ukitanguliza mguu wa kulia na mara nyingine wa kushoto, ili miguu yote miwili ijifunze.

Zoezi la tatu: Kudaka na kurusha. Simameni wawili wawili, umbali wa meta 3. Anayedaka anyooshe mikono kuufuata mpira, vidole vimetanuliwa na kuelekea juu, kisha auvute kifuani. Akiungoja kwa vidole vilivyoelekezwa mbele, mpira utagonga ncha zake na kuvitegua. Rusheni pasi ya kifuani mara 20, ya begani mara 20, na ya kudundisha mara 20. Kama mpira ni mmoja kwa watoto arobaini, tumieni mipira ya magome makavu ya migomba, ile watoto wanayojitengenezea nyumbani. Haidundi vizuri, lakini kwa kujifunza kudaka inafaa, tena ni laini kwa vidole.

Zoezi la nne: Kugeuka. Daka, tulia, halafu geuka umtazame mwenzako wa pili aliye nyuma yako. Geuza nyonga, goti na unyayo kwa pamoja, ukizunguka juu ya sehemu ya mbele ya unyayo. Hatari ni kugeuza kiwiliwili huku unyayo umegandamana na ardhi. Hapo goti husokotwa kama nguo inayokamuliwa.

Zoezi la tano: Kujiweka wazi. Wachezaji watatu: mmoja ana mpira, wa pili anatafuta nafasi, wa tatu anamzuia. Anayetafuta nafasi adanganye kwenda kushoto, kisha akimbilie kulia na kudaka. Aliyedaka asisogelewe: anayemzuia kurusha akae umbali usiopungua sentimeta 90, yaani hatua moja kubwa. Kanuni hiyo ifuatwe hata mazoezini, kwa sababu vifundo vingi huteguka mtu anapotua juu ya mguu wa mwenzake.

Zoezi la sita: Kufunga. Pete iko juu meta 3.05. Kwa watoto wadogo si kosa kuishusha. Anza karibu, meta moja kutoka kwenye nguzo. Kunja magoti, inua mpira juu ya kichwa, nyosha magoti na mikono kwa pamoja, malizia kwa kiganja. Nguvu itoke miguuni. Akifunga mara 6 kati ya 10, arudi nyuma hatua moja.

4. RATIBA YA WIKI NNE

Fanyeni siku 3 kwa wiki, dakika 45 kila siku. Wiki ya kwanza: zoezi la kwanza na la pili, pamoja na kudaka kidogo. Wiki ya pili: ongezeni la tatu na la nne. Wiki ya tatu: la tano na la sita. Wiki ya nne: chezeni mchezo kamili wa watu saba kwa saba, lakini zoezi la kwanza lisiachwe hata siku moja. Mwalimu anayejua mashindano yanakuja aanze mapema.

5. AKIUMIA TUFANYE NINI?

Asimamishwe kucheza mara moja. Akae, mguu uinuliwe juu ya kiwango cha moyo. Barafu kwetu ni adimu. Tumieni kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi ya mtungi kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Fungeni bandeji au kipande cha kanga, kisikaze hadi vidole vikafa ganzi.

Msimkande kwa maji ya moto wala kumchua katika siku tatu za mwanzo. Nyumba nyingi hufanya hivyo kwa upendo, lakini joto na kuchua huongeza damu na uvimbe. Wala asipelekwe kwa mtu wa kuvuta mifupa kabla ya kupimwa.

Mpelekeni kituo cha afya au hospitali bila kukawia ikiwa:
- hawezi kutembea hatua nne;
- mfupa wenyewe unauma ukiguswa, au kiungo kimepinda;
- alisikia mlio ndani ya goti, na goti likavimba ndani ya saa chache;
- goti linamlegea anapotembea;
- vidole vya mguu ni baridi au vimekufa ganzi.

Goti lililokatika kano na kuachwa hivyo huendelea kulegea kila mara na kuharibika ndani. Binti huyo atapata shida ya kubeba ndoo ya maji na kupanda mlima kwenda shambani akiwa bado kijana. Aliyepona arudi uwanjani pale anapoweza kuruka kwa mguu ulioumia mara 10 bila maumivu.

6. NA KINA MAMA JE?

Msikae pembeni. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kila siku. Mama mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua apimwe kwanza. Mjamzito atembee, lakini aache mchezo huu wa kurukaruka na kugongana. Aliyejifungua aanze kwa kutembea, na asirudi kurukaruka kabla ya kuchunguzwa kliniki.

Wazazi, binti akiumia, msiseme, "Mpira basi!" Ulizeni alifundishwaje kutua. Jirani zetu wa Uganda walishika nafasi ya tano katika Kombe la Dunia la mchezo huu mwaka 2023 huko Cape Town. Nao pia waliwahi kuwa watoto wanaojifunza.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Kwa nini magoti yaliyonyooka ni hatari wakati wa kutua?
2. Katika nyumba yetu, mtu akiteguka tunafanya nini kwanza? Je, kuna la kubadili?
3. Uwanja wa shule yetu una mawe na mashimo? Nani atatangulia na jembe Jumamosi hii?