Hadithi ya Gari la Kale: Ichimbe, Kisha Uipime

Kila kijiwe cha wapenzi wa magari ya zamani kina mtu mmoja anayejua yote. Atakwambia Land Rover haishiki kutu, sifuri ya katikati kwenye namba za Peugeot iliwekwa ili hendeli ya kuwashia ipite, na baba yake alitoka Dar es Salaam hadi Mbeya na Volkswagen bila kuzima injini. La kwanza ni nusu ya ukweli, la pili lina mushkeli, la tatu halipimiki. Ukitaka kukusanya simulizi za magari haya kabla wenye nazo hawajaondoka, usiwe mtu wa kumeza kila kitu, wala usiwe mbishi anayewakimbiza wazee.

Wengi huanza vibaya kwa kuuliza mwaka. "Babu, gari lile ulinunua mwaka gani?" Mzee atakupa mwaka ili akuridhishe tu, na pengine utakuwa mwaka aliooa au mwaka wa uhuru. Acha mwaka. Uliza mwili wake ulifanya nini ndani ya lile gari. Gia ilikuwa wapi? Asubuhi ya baridi mliliwashaje? Mlijuaje kwamba petroli inakwisha? Ukikata kona, indiketa ilitokea wapi? Mambo haya hayabuniki kirahisi, na kila jibu ni alama ya modeli fulani au kipindi fulani. Nimewahi kumsikiliza dereva mstaafu ambaye jina la gari lilikuwa limemtoka kabisa. Nilipomuuliza aliingizaje gia ya tatu, mkono wake ulinyanyuka wenyewe ukashika hewa kando ya usukani usiokuwepo, ukavuta, ukashusha. Halikuwa gari la gia ya sakafuni. Tulipofika kwenye boneti akasema injini ilikuwa "imelala ubavu". Basi, hiyo ni Peugeot 404, ambayo injini yake ilifungwa kwa kuinama nyuzi 45.

Volkswagen ile ya mgongo wa duara ndiyo shule nzuri kwa anayeanza, maana umbo lake halikubadilika sana huku vitu vidogo vikibadilika kila mara. Angalia kioo cha nyuma. Kama kimegawanywa vipande viwili, gari limetoka kiwandani kabla ya Machi 1953. Kama ni kimoja cha umbo la yai, ni kati ya hapo na katikati ya 1957. Baada ya hapo kikawa kipana, cha pembe nne. Kwa hiyo picha yoyote ya harusi iliyopigwa gari likiwa linaondoka ina tarehe ndani yake, hata kama nyuma ya karatasi hapakuandikwa kitu. Halafu uliza habari za petroli. Hadi 1961 gari hili kwa kawaida halikuwa na geji ya mafuta. Injini ikianza kukohoa, dereva alipapasa kwa mguu kijiti kidogo karibu na pedali, akakigeuza, na akiba ya tangi ikafunguka. Mtu akikwambia "tulikuwa tunageuza kwa mguu", huyo ameishi na gari hilo, hajalisoma mahali. Na asipocheka ukimwambia kwamba baadhi ya Volkswagen za miaka ya 1960 zilirusha maji ya kuoshea kioo cha mbele kwa upepo wa tairi la spea, basi naye alilijua hilo kitambo, tena huenda alishawahi kukuta spea haina upepo siku aliyoihitaji.

Land Rover nayo ina alama zake. Taa kubwa zikiwa zimebanana katikati kwenye wavu wa mbele, ni ya zamani. Zikiwa zimehamia kwenye madigadi, ni ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Ile iliyoanza 1971, Series III, ina grili ya plastiki, na saa zake zimehamishwa kutoka katikati ya dashibodi zikawekwa mbele ya dereva. Ama habari ya kutu: bodi ni ya aloi ya alumini kwa sababu mwaka 1948, gari lilipoanza kutengenezwa, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Chesisi ni ya chuma, na huoza. Mpeleke bingwa wa kijiwe chini ya gari na tochi.

Gari ambalo watu hulidharau, na mimi nalipenda kuliko yote kwa mazungumzo ya aina hii, ni DKW 3=6. Jina lenyewe ni hesabu isiyo sawa, na maelezo yake yamo ndani ya injini. Ilikuwa na silinda 3 tu, lakini ilikuwa ya tu-stroki: kila silinda hulipuka mara moja kwa kila mzunguko wa injini, ilhali katika injini ya kawaida silinda hulipuka mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hiyo watengenezaji wakadai kwamba tatu zao zinafanya kazi ya sita za wenzao. Ilikuwa na injini isiyofika sisi 900, na mwaka 1956 Eric Cecil na Tony Vickers wakashinda nayo mashindano ya Safari, katika barabara za vumbi na tope za Afrika Mashariki. Ukimpata mzee aliyewahi kupanda DKW, usimuulize kuhusu ushindi. Muulize kuhusu sheli. Petroli ilichanganywa na oili, na mwenye gari alipaswa kujua kipimo. Akizidisha oili, gari linatoa moshi na plagi zinachafuka, akipunguza, injini inakwama. Muulize pia lilivyolia likiwa limesimama, kisha nyamaza. Wengi hujibu kwa mdomo, si kwa maneno. Rekodi hiyo.

Rekodi, lakini kwa ruhusa, na simu iwekwe mezani mahali inapoonekana. Mzee akijua anarekodiwa huanza kwa hotuba; mwache amalize hotuba, kisha mwombe akuonyeshe kitu: picha, kadi ya gari, risiti ya gereji, ufunguo uliobaki. Kitu kikiwa mkononi, hotuba hukatika na mazungumzo huanza.

Picha zina mbinu zake. Usipige picha ya picha chini ya taa ya umeme. Ipeleke karibu na dirisha, ilaze, na simu iwe sambamba nayo. Piga na upande wa nyuma, kwa sababu muhuri wa studio unaweza kukupa mji. Kisha tazama usukani uko upande gani. Kenya, Uganda na Tanzania ni kulia. Burundi, Rwanda na Kongo ni kushoto. Peugeot yenye usukani wa kushoto iliyopigwa picha Kigoma huenda ilivuka mpaka, na hapo pana hadithi nzima ya kuuliza. Lakini kabla ya kufurahi, hakikisha picha haikusafishwa kinyume: soma namba ya gari, au angalia vifungo vya shati la mwanamume. Na ukiona kibao cha duara la yai karibu na bampa chenye EAK, hiyo ni Kenya. EAT ni Tanganyika na baadaye Tanzania, EAU ni Uganda, EAZ ni Zanzibar.

Gari lenyewe likiwa bado lipo, hata kama limekalia matofali huku kuku wanataga ndani, kalisome. Namba ya chesisi ndiyo ya kuandika kwanza. Utaratibu wa namba ya herufi na tarakimu 17 ulianza 1981, kwa hiyo gari linalosemwa ni la 1972 likiwa na namba ndefu namna hiyo, kuna jambo. Vioo navyo huwa na alama za kiwanda, ila kioo huvunjika na kubadilishwa. Injini usiiamini hata kidogo: Pijo ngapi zimetembea nchi hii na injini ya Toyota? Hilo si kasoro ya kuficha. Muulize fundi aliibadilisha lini, kwa nini, na alilazimika kukata nini ili injini ikae. Kwangu mimi habari hiyo ina thamani kuliko gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Ukikuta Renault 4, chukua futi ya fundi upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande mmoja kisha mwingine. Vipimo havitalingana, vitatofautiana karibu sentimita 5. Gari halijagongwa. Springi zake za nyuma ni vyuma vya kujinyonga vilivyolazwa kuvuka upana wa gari, kimoja nyuma ya kingine, ndiyo maana gurudumu moja likakaa nyuma kidogo. Nimeona watu wazima wakipima mara tatu kwa hasira.

Sasa tuje kwenye maswali ya kuulizana kijiweni, ambako ugomvi mwingi hutokana na swali lililoulizwa ovyo. "Ni mwaka gani magari 7 tu yalimaliza Safari?" Swali hilo lina majibu mawili: 1963, yalipoanza 84, na 1968, yalipoanza 93. Uliza hivi: ni dereva gani alishinda mara zote mbili? Ni Nick Nowicki, na zote mbili alikuwa na Peugeot 404. "Nani alishinda ya kwanza, 1953?" Orodha nyingi humtaja Alan Dix na Volkswagen yake, lakini mwaka ule madaraja yalipangwa kwa bei ya gari, si kwa ukubwa wa injini, kwa hiyo mbishi makini atakusumbua. Mwaka 1973 ni mtamu zaidi: Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wa Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawa, na Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Swali zuri ni lile ambalo jibu lake lina sababu. La namba tupu husahaulika kabla chai haijapoa.

Kuhusu sifuri ya Peugeot, kuna jambo la hakika unaloweza kuliweka mezani badala ya lile la hendeli. Mtindo huo ulianza na Peugeot 201 ya mwaka 1929. Porsche walipoonyesha gari walilolipa jina la 901, mwaka 1963, Peugeot walilalamika kwamba namba tatu zenye sifuri katikati ni zao. Porsche wakabadilisha, likawa 911. Anayeendelea kushikilia hendeli baada ya hapo, mwachie.

Kuna simulizi ambazo kila mtu anadai alikuwepo. Nyayo Pioneer ni mojawapo. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari yakaonyeshwa hadharani Kasarani. Ukikusanya Wakenya kumi wa umri ule utapata masimulizi kumi ya jinsi gari lilivyozimika. Usiulize "ulikuwepo?", maana mtu mzima haulizwi hivyo, na jibu litakuwa ndiyo. Uliza alikuwa amesimama upande gani, jua lilikuwa wapi, alirudije nyumbani. Aliyekuwepo hujibu haraka, tena kwa malalamiko madogo madogo. Aliyesikia hurudi kwenye gari. Katika daftari lako weka safu mbili, alichoona na alichoambiwa, na usifute ya pili. Uvumi nao ni sehemu ya maisha ya gari, mradi uandikwe kama uvumi.

Usije ukawa mkali mno, hata hivyo. Mwaka 1964 Erik Carlsson na Gunnar Palm walikwama kwenye tope wakiwa na Saab 96 katika Safari. Wakalipindua gari makusudi, likabiringika, likatoka, wakaendelea na kumaliza nafasi ya pili. Mtu akikusimulia hivyo kijiweni utamwita mwongo. Lakini lile lilikuwa gari dogo lisilofika tani moja, lenye paa la mviringo na injini ndogo ya tu-stroki, silinda 3 kama za DKW. Kabla ya kukataa simulizi, kadiria uzito, umbo na idadi ya watu waliokuwepo.

Mzee akikosea mbele ya wajukuu, usimsahihishe hapo. Mpeleke kwenye picha, umuulize kioo cha nyuma kilikuwaje; mara nyingi atajirekebisha mwenyewe. Asipojirekebisha, andika alivyosema, weka alama, na ulinganishe na fundi wake kama yu hai, au na utingo, ambaye hukumbuka mengi kwa sababu ndiye aliyelala chini ya gari. Ukimaliza, chapisha picha moja kubwa uirudishe kwa familia, na nyuma yake uandike kwa penseli majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, modeli, na namba ya gari kama inasomeka. Kalamu ya wino usitumie. Baada ya miaka kadhaa hupenya hadi mbele.